Wasomaji Wanauliza: Mtoto Yuko Darasa la Tano, Kusoma Bado

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu shule za serikali, kitu gani kinawauma na kitu gani mnadhani kingesaidia. Barua zimekuja nyingi kweli, wengine mmeandika usiku sana naona, na karibu nusu ya barua zinasema jambo lile lile kwa maneno tofauti, kwamba mtoto anaenda shule kila siku ila hamna anachorudi nacho. Nimechukua tano. Mimi mwenyewe nimefundisha darasa la pili shule ya serikali kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye kuandika, kwa hiyo mengine najibu kwa nilivyoona mwenyewe.

Mwanangu yuko darasa la tano. Juzi nilimpa barua fupi anisomee, akasoma neno la kwanza vizuri halafu yaliyofuata akawa anayatunga tu, nikagundua hajui kusoma kabisa. Nilienda kwa mwalimu wake akaniambia darasa limeshafika mbali kwenye silabasi hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mtoto mmoja. Nimuhamishe? Na huwa wanapandishwaje madarasa hivi hivi? (Mama wa watoto watatu)

Pole sana mama. Kwanza kabisa naomba usimgombeze mtoto, manake huyo amekaa miaka minne anajificha, na kujificha ni kazi ngumu kuliko hata kusoma kwenyewe. Mi niliwahi kuwa na mtoto darasani anasoma kitabu chote cha kusomea bila kukosea, nikamsifia mbele ya wenzie, siku moja nikamwambia haya leo anzia mstari wa mwisho uje juu, akanyamaza, machozi yakaanza kumtoka, kumbe kitabu kizima alikikariri kwa kusikia wenzake wakisoma kwa sauti. Nilijisikia vibaya siku ile kwa sababu nilikuwa nae miezi sita na sikujua.

Na hayuko peke yake huyo wako. Benki ya Dunia ilipotoa hesabu mwaka 2019 ilisema kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 53 kati ya kila 100 wanafika miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa hadithi rahisi. Zaidi ya nusu! Na wengi wao wako shuleni, wamevaa sare, wana madaftari.

Umeuliza wanapandaje. Wanapanda kwa sababu mwalimu anaulizwa umefika ukurasa wa ngapi, haulizwi wangapi wamekuelewa. Silabasi inakimbia, mtoto akikosa herufi pale darasa la kwanza labda aliumwa au alikuwa kakaa nyuma hasikii vizuri, basi treni imeshaondoka, na kila mwaka inaenda mbali zaidi na yeye amebaki pale pale kituoni.

Sasa dawa yake inajulikana, na sio ya gharama. Kuna shirika la India linaitwa Pratham, lilianzia Mumbai miaka ya 1990, wao walifanya kitu rahisi sana, wanampima mtoto mmoja mmoja kwa mdomo, karatasi moja tu, ina herufi, maneno, aya fupi na hadithi fupi. Dakika chache unajua mtoto yuko wapi. Halafu wanawapanga kwa kiwango chao na sio kwa darasa lao, kwa hiyo wa darasa la tatu na wa darasa la tano kama wote wako kwenye herufi wanakaa pamoja, saa moja au mbili kwa siku, wanacheza na kadi za herufi, wanasomewa kwa sauti, wanasema wanaandika wanafuta wanaandika tena, na kila baada ya muda wanapimwa upya, aliyevuka anahama kundi. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo walifanya majaribio na shirika hilo miaka mingi wakaona watoto wanapiga hatua, na mwaka 2019 wao pamoja na Michael Kremer wakapata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Hata kipimo cha Uwezo ambacho wengi mmekisikia Kenya, Tanzania na Uganda kimetokana na wazo hilo hilo la kupima mtoto mmoja mmoja, chenyewe wanamfuata nyumbani kwao.

Kwa hiyo kabla ya kumuhamisha, leo leo kaa nae, mwandikie herufi kumi, maneno kumi, aya ya mistari minne. Angalia anakwama wapi, andika kwenye karatasi. Kisha rudi kwa mwalimu na hiyo karatasi, usiende na malalamiko nenda na kitu maalum, mwambie "mwanangu herufi anazijua ila kuunganisha silabi hawezi". Nakuhakikishia mwalimu atakusikiliza tofauti. Nyumbani mpe dakika ishirini kila siku kuanzia hapo alipokwama, hata kama ni pa darasa la kwanza, usione aibu, na umsomee na wewe kwa sauti. Ukimuhamisha bila hilo atapelekwa darasa la tano lingine, atajificha tena.

Mimi ni mwalimu, nina wanafunzi 94 kwenye darasa moja. Kila mtu anatuambia tuboreshe elimu lakini hamna anayeongelea idadi. Si wapunguze tu wanafunzi tuone? (Mwalimu wa darasa la kwanza)

Mwalimu mwenzangu, heshima yako. Watoto 94 wa darasa la kwanza, hata kuwaita majina tu asubuhi kipindi kinaisha.

Uko sahihi kwamba idadi ina maana. Jimbo la Tennessee kule Marekani walifanya jaribio kubwa kuanzia 1985 hadi 1989, wakagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17 na wengine 22 hadi 25, na wale wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, hasa watoto wa familia maskini. Ila angalia, darasa lao "kubwa" ni 25, kwako hiyo ingekuwa likizo.

Upande mwingine kuna jaribio la magharibi ya Kenya lililoanza 2005, shule zikapewa hela za kuajiri mwalimu wa ziada darasa la kwanza, darasa likashuka kutoka watoto kama themanini na kitu hadi arobaini na kitu. Cha kushangaza, pale darasa lilipogawanywa tu bila kubadili kingine, watoto waliobaki na mwalimu yule yule wa kawaida hawakusogea sana. Ila shule zilizogawa watoto kwa kiwango chao, wanaojua kidogo huku na wanaojua zaidi kule, makundi yote mawili yalipanda, hata wale wa chini ambao watu walidhani wataumia kwa kutengwa. Sababu naielewa kabisa mi niliyefundisha, ukiwa na watoto wanaolingana unajua unaongea na nani, ukiwa na mchanganyiko unaongea na wale watano wa mbele wanaonyoosha mikono.

Kwa hiyo kudai walimu zaidi tuendelee kudai, sana tu. Lakini nina jambo lingine la kwako na la mkuu wako wa shule, na hili ndo naliamini kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Angalia shuleni kwenu mwalimu bora kabisa yuko darasa gani. Nina uhakika wengi mtajibu yuko darasa la mtihani. Na darasa la kwanza amewekwa aliyeripoti juzi, au anayekaribia kustaafu, au hata aliyepewa adhabu. Tunaweka nguvu zote kwenye paa wakati msingi unajengwa na yeyote aliyepita! Mwalimu anayejua kumfundisha mtoto kusoma anatakiwa awe darasa la kwanza na la pili, apunguziwe vipindi vingine, aheshimiwe kama anavyoheshimiwa wa darasa la mtihani. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mkuu wa shule abadilishe ratiba tu.

Kwetu watu wanasema shule za serikali zingefundisha kwa kiingereza toka darasa la kwanza zingekuwa sawa na za kulipia. Mimi nina wajukuu wawili hapo, nashindwa kuelewa nani mkweli. (Babu)

Shikamoo babu. Hili watu wanaligombania sana na naelewa kwa nini, mzazi anaona kiingereza ndo kinafungua mlango wa kazi, na hakosei.

Kosa liko kwenye njia. Nigeria mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Ife chini ya Profesa Babs Fafunwa walianzisha mradi, watoto wakafundishwa masomo yao kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, na kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu anayekijua hasa. Walipowalinganisha na wenzao waliobadilishiwa lugha mapema, wa Kiyoruba walifanya vizuri kwenye masomo, na kwenye kiingereza chenyewe pia. Na Kenya kuna utafiti wa kugawa vitabu vya kiada, watu walitegemea alama zipande kwa wote, zikapanda kwa wale waliokuwa wanaongoza tayari tu, na sababu kubwa ni kwamba vitabu vilikuwa vya kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi pale, hawawezi kuvisoma.

Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu babu. Akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa, hiyo kazi hairudii akienda lugha nyingine. Ila ukimpa kazi mbili kwa pamoja, kujua herufi na kujua maana ya neno geni, wengi wanaishia kukariri kama yule wa kwangu. Kwa hiyo wajukuu wasome kwanza kwa lugha yao, na tudai walimu wazuri wa somo la kiingereza.

Kamati ya shule yetu tunataka kuchangisha wazazi tununue tableti. Ni wazo zuri? (Mjumbe wa kamati)

Mi ningesema bado. Peru waligawa kompyuta nyingi sana mashuleni, watafiti wakafuatilia shule 319 za vijijini kwa zaidi ya mwaka, alama za hesabu na lugha hazikupanda. Kifaa bila mpango wa nani anafundisha nini ni mzigo wa kufungia kabatini. Hiyo michango kama mtaipata nunueni vitabu vya hadithi fupi fupi, vingi, na viazimwe kwenda nyumbani.

Na kwa kuwa uko kwenye kamati nikuongezee. Uganda kati ya 1991 na 1995 ilikuja kugundulika kwamba katika hela ya ruzuku kwa kila mwanafunzi iliyotoka serikali kuu, shuleni ilikuwa inafika kama asilimia 13 tu, nyingine inaishia njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichopokelewa, miaka michache baadae ikawa inafika zaidi ya asilimia 80. Karatasi ya ukutani hiyo! Na nyie bandikeni, kilichoingia, tarehe, kilichotumika. Ila taarifa peke yake nayo haitoshi kila mahali, kule India wilaya ya Jaunpur waliitisha mikutano vijijini wakawaeleza wazazi hali ya shule na haki zao, hakikubadilika kitu. Nadhani tofauti ni kwamba hela mtu anaweza kuihesabu na kuulizia, ila "elimu mbovu" huwezi kuinuka mkutanoni ukaishika. Kwa hiyo kwenye kikao msiseme elimu imeshuka, semeni watoto 31 wa darasa la tatu hawasomi aya, mpaka mwisho wa muhula tunataka wabaki kumi.

Nimemaliza sekondari niko nyumbani nasubiri majibu. Nataka kusaidia shule niliyosoma ila mi sio mwalimu, nitaanzaje? (Kijana)

Barua yako imenifurahisha kuliko zote mdogo wangu. Huko huko Jaunpur ambako mikutano ilishindwa, kilichofanya kazi ni vijana kama wewe, wamepewa mafunzo ya siku chache tu, wakaanzisha madarasa ya kusoma baada ya saa za shule. Watoto waliokuwa hawajui hata herufi wakahudhuria, wengi baada ya mwaka walikuwa wanazisoma. Tatizo lao lilikuwa moja, watoto wachache sana ndo walihudhuria, kwa hiyo hapo ndo utumie akili yako, usikae usubiri waje.

Nenda kwa mkuu wa shule umuombe ruhusa, uende na mzazi wako au mwalimu aliyekufundisha ili wakujue wewe nani. Omba chumba au kivuli cha mti pale pale shuleni, mara tu vipindi vinapoisha, kabla watoto hawajatawanyika maana wakishafika nyumbani hawarudi. Anza na sita au saba, usichukue arobaini siku ya kwanza. Wapime kama nilivyomwambia yule mama, herufi, maneno, aya. Kata maboksi utengeneze kadi za herufi na silabi, uwe na daftari moja la kuandika kila mtoto yuko wapi na lini amevuka. Saa moja, siku nne au tano kwa wiki, isiwe mara moja kwa wiki, watasahau. Na akivuka mtoto mmoja, mpeleke kwa mwalimu wake akamsomee mbele yake. Halafu niandikie tena baada ya miezi miwili uniambie wamefika wapi.