Barua ya Einstein: usilipe kwanza

Ndugu yangu, unauliza kama ununue barua ya Einstein ya 1938 iliyopigwa taipu, kwa kuwa sahihi yake "inafanana kabisa" na ile uliyoiona kitabuni. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Hakuna mtu anayetia sahihi ileile mara mbili, nukta kwa nukta. Chukua lenzi ya kukuza: wino wa kalamu huzama kwenye nyuzi za karatasi, na mistari inapokatana utauona umekolea. Sahihi iliyochapwa kwa mashine mara nyingi huwa vitone vitupu.

Kisha waandikie Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, kwenye hifadhi ya nyaraka za Einstein, uwaulize kama wana nakala ya barua hii. Katibu wa Einstein, Helen Dukas, aliyeanza kazi 1928, alikuwa akitunza nakala za barua zake. Na ukiipata, nakusihi, usiipeleke kufanyiwa lamineshi, yaani kufunikwa kwa plastiki!