Kitabu kinachoanza na watu

Wiki iliyopita mliuliza: ni kitabu gani cha kitaaluma kinachoeleza vizuri maisha ya watu mtandaoni? Mimi nachagua How the World Changed Social Media (yaani, Jinsi Dunia Ilivyobadilisha Mitandao ya Kijamii), kilichotolewa na UCL Press ya London mwaka 2016. Kimeandikwa na Daniel Miller na wanaanthropolojia wenzake wanane, yaani watafiti wa maisha na desturi za watu, na nakala yake inapakuliwa bure. Kwa mwanafunzi wa kwetu, ambaye kitabu kimoja cha nje chaweza kumla posho ya mwezi, hilo si jambo dogo.

Watafiti hao walikaa miezi 15 kila mmoja, katika jamii tisa, ukiwemo mji wa viwanda China, Mardin nchini Uturuki, na Alto Hospicio kaskazini mwa Chile. Hawakuanza na programu za simu kama Facebook. Walianza na nani anamwandikia nani, na nani anafichwa nini. Kule China, vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi viwandani wanaishi vyumba vya kubanana, na maisha ya kisasa waliyoyafuata wanayapata zaidi kwenye simu kuliko katika mji wenyewe. Kijijini Uingereza, watu wanatumia Facebook kuwaweka jamaa na marafiki kwa kadiri: wasisogee mno, wala wasipotee. Ndiyo maana inaniuma kusikia kila siku kwamba "mitandao imeharibu vijana", kana kwamba vijana wote duniani wamelelewa nyumba moja.

Lakini kati ya jamii zote tisa, hata moja si ya Afrika. Hilo ni pengo kubwa kwa kitabu chenye neno "dunia" kwenye jina lake. Mradi uliofuata, kuhusu simu janja na uzee, uliingiza Kampala na Yaoundé, mji mkuu wa Kamerun, na humo tunaona jinsi pesa za simu zinavyobeba matunzo ya wazazi walio mbali na watoto wao.

Bado nakisubiri kitabu kimoja. Mtu akae miezi hiyo hiyo 15 ndani ya magrupu ya WhatsApp ya michango ya harusi: mweka hazina anavyobandika orodha ya ahadi kila jioni, nani anakumbushwa mbele ya watu na nani anafuatwa inboksi, nani anajitoa baada ya sherehe na nani hathubutu. Undugu, madeni, aibu na heshima vyote vimo humo. Natamani kiandikwe na mtafiti wa hapa hapa, kwa Kiswahili, nacho kipakuliwe bure.