Bima ya Nyumba na Maji ya Korongo: Tunajibu Maswali Yenu

SWALI: Nyumba yangu ipo Nkuhungu, nimeijenga kwa mkopo. Benki ilinikatia bima ya moto. Januari maji yakiingia mpaka sebuleni, bima hiyo itanilipa? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Tazama hati yenyewe, si risiti ya malipo. Bima ya moto ya kawaida hufidia moto na radi. Mafuriko huja kama nyongeza, pamoja na dhoruba, tetemeko na bomba kupasuka. Kama nyongeza hiyo haikuandikwa, haimo. Iombe benki nakala kamili, na kwa kuwa hati nyingi ni za Kiingereza, mwombe ofisa wa bima akuandikie kwa Kiswahili, akiweka saini yake, kwamba mafuriko yamo. Uliza pia nani atalipwa. Mara nyingi benki huchukua deni lake kwanza, na bima ya mkopo huwa ya jengo tu. Friji, makochi na magodoro hayamo mpaka uyakatie mwenyewe.

Hata neno likiwemo, maana yake ina mipaka. Mafuriko ni maji ya nje yaliyofunika ardhi: korongo limefurika, mtaro umezidiwa. Maji yaliyopita kwenye bati lenye kutu si mafuriko. Unyevu unaopanda taratibu kutoka chini ya sakafu mpaka plasta ikabanduka, nao si mafuriko.

Hapa kwetu Dodoma kinachowaponza wengi ni udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea. Msingi unacheza, na ukuta unapasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha. Mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kukagua uharibifu, huchungulia ndani ya ufa. Akikuta vumbi, utando wa buibui au rangi iliyopakwa zamani, ataandika kwamba ufa ulikuwepo kabla ya maji, na sehemu hiyo ya dai itakataliwa. Kwa hiyo piga picha kuta zote mwezi Novemba, ndani na nje, tarehe ikionekana, kisha zihifadhi mahali ambapo simu ikilowa hazipotei.

Usisahau uzio. Ndio unaoangushwa na maji mwanzo, na hati nyingi huuacha nje pamoja na geti mpaka uombe uandikwe.

SWALI: Kiwanja nilinunua kwa Sh milioni 15, na nyumba hii kuijenga leo ni milioni 80. Nimeshauriwa nikate bima ya milioni 40 ili ada iwe ndogo. Nikubali? (Msomaji, Ihumwa)

JIBU: Usikubali, tafadhali. Kiwanja hakihesabiwi, maana maji yakipita ardhi inabaki. Thamani ya bima ni gharama ya kuijenga upya nyumba ileile kwa bei za leo za saruji, nondo na fundi, pamoja na kuondoa kifusi. Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa gharama za ujenzi, anaweza kukuandalia hesabu hiyo.

Ukikata milioni 40 kwa nyumba ya milioni 80, umeikatia nusu. Maji yakiiharibu nyumba kwa hasara ya milioni 20, kampuni italipa nusu ya hasara, yaani milioni 10, ingawa kiwango chako cha 40 hakijafikiwa. Hapo bado hakijatolewa kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye bima hukibeba mwenyewe. Kikiwa asilimia 10 ya dai, unapokea milioni 9 na kutafuta 11 mfukoni.

Fomu ikiuliza kama maji yaliwahi kuingia, au korongo lipo umbali gani, sema kweli. Ukificha, kampuni inaweza kukataa dai lote. Na kama upo karibu na mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

SWALI: Mimi ni mpangaji. Nahitaji bima? (Msomaji, Chang'ombe)

JIBU: Jengo ni la mwenye nyumba. Wewe kata ya vyombo vya ndani, na uhakikishe mafuriko yametajwa. Ilipe kabla ya Desemba: bila ada kulipwa hakuna bima, na maji yakishaingia umechelewa.

SWALI: Maji yameingia usiku. Asubuhi nianzie wapi ili nisikose fidia? (Msomaji, Kibaigwa)

JIBU: Zima umeme kwenye swichi kuu, ila kama kuifikia ni kukanyaga maji, iache na upigie shirika la umeme. Kabla kuta hazijakauka, chora mstari pale maji yalipoishia katika kila chumba, simamisha futi kamba kando yake na upige picha ili namba isomeke.

Ijulishe kampuni siku hiyohiyo, kisha kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye hati. Toa matope na anika vinavyofaa, kwa kuwa ukiviacha vioze utaambiwa umeongeza hasara. Vilivyoharibika visitupwe mpaka mkadiria avione. Godoro likinuka, litoe uani. Andika kila kitu, mwaka ulionunua na bei. Omba barua ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji yenye tarehe ya tukio.

Hati ya kumaliza dai usiisaini kwa haraka, kwa maana ukisaini umekubali kiasi hicho. Usiporidhika, andikia kampuni. Wakishikilia msimamo, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na picha, orodha na barua zote mlizoandikiana.