Mbona Chumvi Huwa ya Mraba, na Jasi Ikawa Ndefu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hufanya kazi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Punje tunazovuna ni za mraba, na nyingine zimefanana na piramidi iliyo wazi ndani. Hata hivyo, katika bwawa ambalo maji hupitia kabla ya kufika penye chumvi, nimeokota vipande virefu, vyembamba, viangavu, visivyo na ladha yoyote. Maji ni yale yale ya bahari. Mbona maumbo yanatofautiana? – Msomaji, Gongoni.

JIBU: Kwa maelezo yako, ndugu msomaji, vipande hivyo ni jasi, madini laini yanayotengenezewa plasta. Madini yaliyoyeyuka baharini hayagandi kwa pamoja jua linapokausha maji: jasi hutangulia, maji yakishapungua hadi karibu robo ya ujazo wake wa mwanzo, ilhali chumvi hungoja mpaka ibaki takriban sehemu moja ya kumi. Ukitaka kuhakikisha, kikwaruze kipande kwa ukucha, jasi huchubuka.

Umbo la fuwele, yaani punje ya madini yenye nyuso bapa, huamuliwa na jinsi atomu zake zilivyopangwa. Mwaka 1913 mwanafizikia William Lawrence Bragg alionyesha kwa eksirei kwamba ndani ya chumvi sodiamu na klorini hupishana, moja baada ya nyingine, katika mistari inayokutana kwa pembe mraba, na ndiyo sababu hata ukiipasua punje, vipande vyake huwa na pembe hizo hizo. Jasi imejengwa kwa matabaka ya kalisi na salfeti yenye maji katikati yake, kwa hiyo hubanduka kwa urahisi kuwa vipande vyembamba.

Piramidi zako zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Punje ndogo huanza kuelea juu ya maji, na kwa kuwa maji yanakauka haraka, kingo na pembe zake hupata chumvi nyingi kuliko katikati ya uso, zikakua upesi na kuacha shimo. Punje inapoongezeka uzito huzama kidogo kidogo, huku ukingo mpya, mpana zaidi, ukijengeka juu ya ule wa kwanza. Ndipo ikawa piramidi iliyopinduliwa, ncha chini.

Hivyo mazingira hubadilisha ukubwa na sura, lakini si pembe. Mwanasayansi Mdenmaki Nicolas Steno aliliandika jambo hilo mwaka 1669 baada ya kuchunguza kwatzi, madini magumu yanayofanana na kioo: iwe nene au nyembamba, pande zake sita hukutana kwa nyuzi 120. Hata ganeti, kito ambacho aina yake ya kijani huchimbwa Taita Taveta, ina mpangilio wa atomu wa jamii moja na chumvi ingawa mara nyingi huwa na nyuso 12, kwa sababu nyuso zinazokua haraka hutoweka na zile za polepole ndizo zinazobaki.

Ukipenda kuona mraba mkubwa usio na shimo, weka maji ya chumvi yaliyokolea kabisa katika bakuli pana, ulifunike kwa kitambaa chepesi, uliache kivulini bila kulitikisa kwa majuma kadhaa.