Kuupiga "Masanga" kwa Mkono Wako Mwenyewe

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mombasa anayefuatilia makala zangu kuhusu gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme. Ameeleza kwamba ameushika "Masanga", wimbo wa gitaa wa Mwenda Jean Bosco wa Kongo, wote, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kusikiliza rekodi ya zamani na kuirudia polepole kwenye simu, na kwamba hakuna pigo hata moja linalompita. Hata hivyo, alipoupiga kwenye arusi ya jirani yao, watu walimsikiliza kwa adabu kwa muda mfupi, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Ameniuliza mambo mawili: afanyeje ili wimbo huo uwe wake, na je, anayo haki ya kuugusa wimbo uliokwisha kuheshimiwa kwa zaidi ya miaka 70?

Nitaanza na swali la pili, kwa sababu ndilo linalonigusa mimi pia.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika shindano la wapiga gitaa, nikachagua "Masanga", nikaupiga jinsi ninavyoupiga nyumbani, yaani polepole, kwa besi iliyozaliwa Magharibi mwa Kenya na wala si Katanga, eneo la kusini mwa Kongo alikotoka Mwenda. Ukumbi uliitikia vizuri. Nilipomaliza, mmoja wa waamuzi alichukua kipaza sauti akasema kwamba alichokisikia hakikuwa "Masanga", kwamba vijana wa siku hizi wanaharibu urithi wa wazee, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nilisimama pale jukwaani na gitaa mkononi, mamangu akiwa ameketi safu ya mbele, nikasikiliza hukumu hiyo hadi mwisho bila kufungua kinywa. Sikupata nafasi yoyote. Kushindwa sikukujali sana, ila neno lile "mtumwa" halijanitoka moyoni hadi leo, na kila ninapolikumbuka hujikuta nikimjibu yule mwamuzi kimoyomoyo. Leo namjibu kwa maandishi.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa Bayeke aliyetokea upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo yake kukusanya muziki wa Kiafrika, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi unaitwa Likasi, akamrekodi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba takriban dakika 3 tu za sauti, na mpigaji alipaswa kumaliza ndani ya muda huo hata kama vidole vyake vilikuwa bado vina la kusema. Kwa hiyo, kile tunachokiita "Masanga asilia" ni dakika chache za mkono wa kijana mmoja katika siku moja ya maisha yake. Angerekodiwa siku iliyofuata, tungekuwa na "Masanga" nyingine, na yule mwamuzi angeitetea hiyo kwa ukali uleule.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Mtafiti David Rycroft aliyaandika mapigo ya Mwenda kwa noti na kuyachapisha mwaka 1961 na 1962, na katika kazi hiyo aliyazungumzia kama ubunifu wa papo kwa papo. Msikilize Mwenda mwenyewe katika rekodi zake za miaka ya baadaye, karibu na kifo chake cha ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, utasikia mtu ambaye hajifungi kwenye santuri yake mwenyewe. Anaanza na mlango uleule, kisha ndani ya nyumba anapita vyumba anavyovitaka. Iwapo mwenye wimbo hakujilazimisha kuurudia vilevile, nani amempa mtu mwingine mamlaka ya kutulazimisha sisi?

Tena Katanga ya wakati huo haikuwa mahali pa asili moja iliyotengwa. Migodi ya shaba iliwakusanya wafanyakazi kutoka kila upande, na gitaa lenyewe lilikuwa mgeni aliyepokelewa na kufundishwa kuzungumza lugha ya wenyeji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, akasikika redioni, na binamu yake Edouard Masengo naye akafanya kazi huku kwetu. Wapiga gitaa wa Kenya waliwasikiliza kwa makini. Lakini hawakuugeuza mkono wao kuwa wa Katanga. George Mukabi, mwana wa Kisa aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na omutibo wake, mtindo wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya, na omutibo ulibaki omutibo. Mila niliyorithi mimi ni hiyo ya kusikia kitu kizuri kutoka mbali na kukijibu kwa sauti ya nyumbani. Sijaiacha.

Mimi nilijifunza gitaa kwa mjomba wangu, huko Butere. Hakuwa mwanamuziki wa kurekodi. Alikuwa fundi wa baiskeli aliyepiga gitaa jioni, kwa kidole gumba na kidole cha shahada peke yake, vidole vingine vikiwa vimetulia juu ya ubao wa gitaa. Kapo yake, yaani kibano cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa, ilikuwa penseli iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani. Pembeni alikaa rafiki yake na chupa ya Fanta, ile yenye mistari ubavuni, akiikwaruza na kuigonga kwa msumari mrefu. Kwa miezi mingi mjomba hakuniruhusu kuzigusa nyuzi nyembamba. Nilipomwomba anifundishe wimbo mzima, alinijibu, "Mwanangu, wimbo unakaa kwenye gumba. Hizo nyuzi nyingine ni wageni tu, watakuja wakiona nyumba imejengwa." Basi nilikaa nikipiga besi, yeye akipiga lahani kwenye gitaa lake, na pale gumba langu liliposita naye alinyamaza, akangoja hadi lirudi.

"Masanga" nilikutana nao baadaye, kwenye kanda aliyokuwa nayo mwalimu mmoja wa jirani. Niliunakili wote, pigo kwa pigo, kama alivyofanya yule kijana wa Mombasa, na nasisitiza kwamba hatua hiyo hairukwi. Asiyeujua wimbo jinsi ulivyo hawezi kuubadilisha, kwani mabadiliko ya mtu asiyejua ni kukosea tu. Jifunze kwanza. Sikiliza rekodi hadi uweze kuiimba ukiwa unatembea njiani bila gitaa.

Sasa nije kwenye swali la kwanza. Ushauri wangu mkubwa, na ukitaka waweza kusema ndio ushauri wangu wa pekee, ni kwamba uanze kwenye gumba. Wengi wanapotaka kuufanya wimbo uwe wao hukimbilia juu, kwenye nyuzi nyembamba, wakaongeza madoido, wakajaza noti nyingi na kasi, na matokeo yake ni kwamba msikilizaji anausikia wimbo uleule ukiwa umevalishwa nguo nyingi. Lahani ya Mwenda haihitaji kuongezewa kitu. Kinachoufanya mkono mmoja utofautiane na mwingine ni namna besi inavyotembea chini ya lahani hiyo.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa undani kidogo. Napiga nikiwa nimeshika akodi ya C mahali pake pa kawaida, karibu na kichwa cha gitaa. Mwanzoni kidole gumba changu kilikuwa kikipishana kati ya uzi wa tano na wa nne, sawasawa, mpigo kwa mpigo, na kidole cha shahada kikicheza na lahani juu yake, wakati mwingine pamoja na besi na wakati mwingine katikati ya mapigo yake. Hapo ndipo utamu wa Mwenda ulipo, kwa sababu vidole viwili vinasikika kama watu wawili wanaozungumza bila kukatizana. Kisha nikachukua besi ya mjomba. Mpigo wa kwanza nauacha mtupu, gumba linaingia nusu ya mpigo baadaye, na pale ambapo chupa ya Fanta ingegonga nagusa ubao kwa kidole cha pete. Lahani siigusi kabisa. Noti zake ni zilezile za mwaka 1952. Lakini kwa kuwa ardhi iliyo chini yake imesogea, noti ambayo kwa Mwenda ilikuwa ikitua, kwangu inaning'inia, na ile iliyokuwa ikining'inia inatua.

Ilinichukua muda mrefu kuliweza jambo hili, na sitawachosha kwa kueleza jioni zote hizo. Njia iliyonisaidia ni kuingiza kitambaa chembamba chini ya nyuzi tatu nyembamba, karibu na daraja la gitaa, ili zisitoe sauti kamili. Hapo unasikia besi waziwazi na lahani kwa mbali tu, na gumba halina pa kujificha. Likiwa dhaifu utalisikia papo hapo. Ondoa kitambaa siku ambayo besi peke yake inaweza kumfanya mtu aliye chumba cha pili atikise kichwa.

Jambo jingine ni mwendo. Punguza kasi. Nazilegeza nyuzi zote kwa toni moja, sauti ikawa nzito zaidi, na nyuzi zilizolegea zinanilazimisha nisiharakishe, kwa maana ukizikimbiza zinagonga vyuma vya shingoni na kunguruma. Pia simalizi baada ya dakika 3, kwa sababu hakuna santuri inayonisubiri. Nikiona wasikilizaji wameingia, narudia sehemu ya katikati na kubadilisha kitu kimoja tu kila mara, labda noti ya mwisho ya besi, labda kimya kifupi kabla ya kurudi C. Nasema kitu kimoja, kwa sababu ukibadilisha viwili kwa pamoja msikilizaji anapotea, na akipotea hufungua simu yake.

Mwezi uliopita niliupiga "Masanga" hivyo kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja kule nyumbani. Nilikuwa katikati ya wimbo pale mzee aliyeketi karibu na turubai, ambaye sikuwa nimemwona akizungumza na mtu siku nzima, alipoinuka, akaokota chupa ya soda, akaitisha kijiko na kuanza kunijibu. Alijua mahali pa kugonga. Aliingia katika ule mpigo ninaouacha mtupu, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe, na wanawake waliokuwa wakigawa chakula wakaweka sinia chini. Tulipomaliza alinishika mkono akasema, "Kijana, huo ni wa Mwenda wa Katanga. Lakini mkono ni wa kwetu." Nakiri kwamba nilifurahi kuliko ambavyo kikombe chochote cha shindano kingenifurahisha, na sioni haya kujivunia maneno hayo hadharani. Ninyi mnaonisoma, ambao najua kila mmoja wenu anatamani kuambiwa neno kama hilo siku moja, acheni kungoja ruhusa ya waamuzi. Wenye kutoa ruhusa ni wale wanaoweka sinia chini.

Namrudia kijana wangu wa Mombasa. Nakuomba sana usichukue besi yangu. Ukiinakili utakuwa umeondoka kwa Mwenda na kuhamia kwangu, na bado utakuwa mgeni katika nyumba ya mtu. Umeniandikia kwamba ulipiga kwenye arusi, na arusi za kwenu zina chakacha, ngoma ya Waswahili wa pwani. Mdundo huo umekuwa masikioni mwako tangu utotoni, pengine kabla hujajua gitaa ni nini, na una kitu ambacho mimi sina. Mpigo wake unagawanyika kwa tatu, nao umejaa mvutano kati ya tatu na mbili ambao viuno vya wachezaji vinauelewa kuliko kitabu chochote cha noti. Weka kitambaa kwenye nyuzi. Sahau lahani kwa muda. Tafuta chakacha kwa gumba lako kwenye uzi wa sita, wa tano na wa nne, ukitumia akodi zilezile, hadi ndugu zako wa kike waanze kupiga makofi mahali panapostahili. Halafu ilete lahani ya Mwenda juu yake, polepole, noti mojamoja. Mapigo mengine hayatakubali kukaa. Yale yaliyogawanyika kwa mbili itabidi uamue kama utayanyoosha yaingie katika tatu au utayaacha yapingane na besi, na uamuzi huo hakuna awezaye kukufanyia. Mimi ningeyaacha yapingane mwanzoni, kisha yakubaliane wimbo unaporudi C. Na popote utakapoupiga, taja jina la Mwenda Jean Bosco kabla hujagusa uzi wa kwanza, kwa sauti ambayo walioketi nyuma wataisikia.