Kifaa cha usukani kinayumbisha mashua na kumaliza betri

SWALI: Nina mashua ya matanga ya mita 7 hapa Entebbe. Nimefunga kifaa cha umeme kinachosukuma kana (mpini wa usukani) ili nipumzike nikienda visiwa vya Ssese. Omo, yaani mbele ya mashua, inayumba kushoto na kulia, na betri ya Ah 40 (ampea-saa) inaisha kabla sijafika bandari ya Lutoboka. Nibadilishe kifaa?

JIBU: Usinunue kingine, ndugu yangu. Anza na matanga. Upepo ukiwa wa ubavuni, achia kana sekunde chache utazame. Omo ikiukimbilia upepo papo hapo, tanga kuu limezidi. Linasukuma tezi, yaani nyuma ya mashua, na mota ya kifaa inashindana nalo safari nzima. Lipunguze. Baharia Joshua Slocum alizunguka dunia peke yake, 1895 hadi 1898, bila umeme wowote. Mashua yake, Spray, ilishika njia usukani ukiwa umefungwa kamba, maana chombo na matanga vilipatana.

Betri inaisha kwa sababu hiyo hiyo. Betri ya risasi na asidi usiitumie kupita nusu, yaani Ah 20. Mota ikila wastani wa ampea 2 unapata saa 10. Ikihangaika ikala 5, saa 4 tu. Meli ya abiria MV Kalangala yenyewe, kwa injini, huchukua kama saa tatu na nusu kutoka Nakiwogo, bandari ya Entebbe.

Sasa kuyumba. Ndani ya kifaa mna dira, na dira hudanganywa na chuma na sumaku. Nanga, spika ya redio na simu vikae mbali nayo, mita moja au zaidi. Kisha, asubuhi maji yakiwa shwari, izungushe mashua polepole kama kijitabu chake kinavyoagiza, dira ijirekebishe. Bado inayumba? Punguza unyeti: ukiwa juu mno, kifaa hujibu kila wimbi, hupitiliza, halafu hurudi. Na usiishike kana kikiwa kazini. Manahodha wawili, chombo huenda mrama.

Wapo watakaokushauri bapa la upepo lisilotumia umeme. Mimi nisingekufungia: linafuata upepo, si dira, na upepo wa ziwa letu hugeuka mchana na usiku. Visiwa vya Ssese ni 84, utajikuta kwenye kingine.

Ila kupumzika si kulala. Kifaa hakioni nyavu, magugumaji wala mitumbwi ya wavuvi wa mukene (dagaa). Ukiwa peke yako ukaanguka majini, mashua itaendelea na safari bila wewe, kwa hiyo jifunge kamba kabla ya kukiwasha.