Nzi mwindaji mpya hujulikanaje?
Umeuliza wanajuaje kwamba nzi mwindaji fulani ni spishi mpya, si yule yule wa zamani. Rangi pekee haitoshi, hudanganya sana. Familia ya nzi hawa, Asilidae, ina spishi zaidi ya 7,000, na nyingi zinafanana kama mapacha: kibonde utosini kati ya macho, ndevu ngumu usoni (humkinga nzi mawindo yanapofurukuta), mdomo kama sindano. Kwa hiyo mtaalamu hukata ncha ya tumbo la dume, huiloweka kwenye dawa hadi nyama iyeyuke, kisha huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Mara nyingi tofauti iko hapo. Halafu mdudu mmoja, kachomwa pini, huwekwa makumbusho awe kielelezo cha jina jipya.